Pumzi Ishirini za Kila Mgonjwa

Siku niliyomnyang'anya nesi chati ilikuwa saa nne asubuhi, na gauni langu lilikuwa limelowa maziwa kifuani. Mwanangu wa miezi mitano nilimwacha nje kwa wifi yangu, kwenye benchi la uani, maana wodi ya mahututi mtoto haingii. Ndani, kitanda cha tatu, alilala mama yangu mzazi. Mkono wake wa kulia ulifungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, na alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia kwa miguu kutoka kwetu Mbekenyera.

Nesi wa zamu alikuwa kijana, anaitwa Amosi. Alisimama miguuni mwa kitanda, akatupia macho saa ya ukutani, akaandika. Sekunde tano, labda sita. Nikanyoosha shingo. Kwenye safu ya pumzi kwa dakika ameandika 20.

"Kaka," nikamwambia, "hiyo ishirini umeitoa wapi?"

"Dada, naomba usubiri nje. Daktari anapita saa tano."

"Nimekuuliza ishirini umeitoa wapi."

"Mimi ndiye nesi hapa."

"Na mimi nimedeki chumba hiki miaka sita. Ishirini umeitoa wapi?"

Akacheka. Si cheko la furaha, ni lile la kumwondoa mtu. Hapo uvumilivu wangu ukaisha, nawaambia ukweli, ukaisha kama dripu inavyoisha, tone la mwisho na kimya. Nikaichomoa ile chati mikononi mwake. Nikatoa tasbihi kwenye mkoba. "Tunahesabu," nikasema. "Wote wawili. Kwa sauti. Na ukitaka kuita mlinzi, mwite, naye ahesabu."

Mtajua tulipata ngapi. Lakini kwanza niwaambie mimi ni nani na tasbihi inaingiaje kwenye habari za hospitali, maana bila hivyo mtadhani ni kichaa tu wa Ruangwa alivamia wodi.

Mimi ni mstaafu. Nina miaka thelathini na mmoja. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kumfanya baba anyamaze siku mbili, nikaenda mafunzo ya mwaka mmoja ya uhudumu wa afya. Baada ya hapo nikapata kazi kwenye hospitali moja upande wa Nachingwea. Jina lake siliandiki hapa, wanajijua. Kazi ya mhudumu ni kudeki, kubadilisha mashuka, kumwaga mkojo, kugeuza mgonjwa, kukimbiza damu maabara. Sikuwa nesi na sijidai kuwa nesi. Ila nilikaa wodi ya mahututi, vitanda vinne, miaka sita, na mtu anayedeki chini ya kitanda anaona mambo ambayo anayesimama pembeni yake hayaoni. Sasa naishi Nandagala, nalea. Na ninyi wadogo zangu mnaokuja kunikalisha kibarazani kuniuliza hiyo kazi ikoje, niende unesi au niende uhudumu, basi leo nawajibu wote kwa mpigo.

Wiki yangu ya kwanza nilikabidhiwa kwa Bi Skola. Nesi wa zamani, Mkatoliki wa kanisani kila asubuhi, mfupi, viatu vyake vinalia kwi-kwi-kwi, unamsikia tangu maabara. Nilikuwa nakunja shuka. Akasimama nyuma yangu.

"Umemwona yule wa kitanda cha kwanza?"

"Nimemwona, Bi Skola."

"Anahema vipi?"

"Kawaida tu."

"Kawaida ni ngapi?"

Nikaendelea kukunja shuka. Akaniambia, "Mwanangu, kawaida siyo namba. Kamhesabu."

Nikaenda, nikasimama mbele ya mgonjwa, nikamkodolea kifua. Yule mzee alipoona natazama kifua chake akaanza kuhema taratibu, kwa adabu, kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikarudi na kumi na nne. Bi Skola akacheka mpaka akashika ukuta. Mtu akijua anahesabiwa pumzi, akasema, anazitengeneza. Basi shika kifundo cha mkono kama unapima mapigo, zungumza habari za mvua, kisha nyamaza, na huku jicho lako liko tumboni kwake. Dakika nzima. Siyo robo dakika ukazidisha mara nne, maana mgonjwa mahututi hahemi kwa usawa, anaweza kukuonyesha robo nzuri na robo tatu mbaya. Nikarudi tena, nikaongea habari za mvua. Ishirini na nane.

Bi Skola mwenyewe alihesabu kwa rozari. Mkono mmoja saa, mkono mwingine mfukoni, kila pumzi punje moja. Rozari ina makumi, mnajua. Kumi la kwanza, kumi la pili, hapo hana wasiwasi. "Akiingia kumi la tatu," aliniambia, "acha ndoo, acha tambara, niite." Mimi nikamwambia, Bi Skola, mimi Mwislamu, rozari sina, nina tasbihi. Akauliza ina punje ngapi. Nikasema hii yangu ndogo ina thelathini na tatu. Akafikiri.

"Sawa. Ukizunguka ukafika mwisho na dakika haijaisha, usiniite."

"Nifanyeje?"

"Piga kelele."

Nilimuuliza sana huyu mama maswali, na uzuri wake hakuchoka. Kwa nini pumzi, siyo homa? Nilidhani mtu mgonjwa ni wa moto. Akanieleza habari za sepsisi, ambayo huku watu wanasema sumu imeingia kwenye damu. Alisema usidhani ni kidonda chenyewe kinachoua. Vijidudu vinaingia, mwili unakasirika, unapigana, na hasira ikiuzidi unaanza kuvunja vyombo vya nyumbani kwake mwenyewe. Mapafu, figo, ubongo. Nilimwelewa haraka sana, maana hasira za namna hiyo ninazo. Na mwili unaovunja vyombo unahema mbio mapema, mara nyingi kabla presha haijaanguka. Ndiyo maana pumzi. Ni kipimo cha bure, hakitaki umeme, na ndicho ambacho hakuna mtu anakipima.

Na homa? Wengine, hasa wazee, wanapoa. Kipimajoto kinasema thelathini na tano na nusu, ndugu wanashukuru Mungu homa imeshuka, kumbe mwili umechoka hata kuwasha moto. Nimeona ndugu wakiaga kwenda kula kwa furaha hiyo.

Makosa yangu? Ninayo ya kutosha. Mwezi wa pili nilikuta mfuko wa mkojo wa mama mmoja ni mtupu. Nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, maana mfuko mtupu hauna cha kumwaga, nikapita kwenda kitanda kingine naimba. Bi Skola akanishika sikio, kweli kabisa, sikio.

"Umefurahi?"

"Nimeona hakuna kitu, Bi Skola."

"Hakuna kitu tangu saa ngapi?"

"Sijui."

"Figo zimefunga duka, wewe unaimba."

Tangu siku hiyo, kabla sijamwaga naangalia mstari, nasema kwa sauti, mililita kadhaa, tangu saa fulani, hata kama chumbani hakuna wa kunisikia. Na ninyi fanyeni hivyo. Nesi ataandika, hataandika, wewe sema.

Baadaye walikuja watu wa kuzuia maambukizi, wakapiga marufuku rozari. Kwa haki. Kitu kinachoingia mfukoni na kutoka, kinashikwa na mikono iliyogusa vidonda, ni basi la vijidudu. Bi Skola hakubisha. Aliitundika nyumbani, akawa anahesabu kwa vidole vya miguu ndani ya vile viatu vyake vya kwi-kwi. Ukimwona amesimama kando ya kitanda na viatu vinalia bila yeye kutembea, ujue anahesabu.

Kisha akastaafu, kustaafu kwa kweli, kwa umri. Na zikaja mashine.

Sizichukii mashine. Ile ya kubana kidoleni inayosoma hewa kwenye damu na mapigo ni kitu kizuri, nilikaa naitazama kama mtoto. Lakini huku kwetu ilikutana na kitu ambacho nadhani walioitengeneza hawakukifikiria: vidole vya mama zetu. Mnajua kubangua korosho nyumbani. Unakaanga kwenye debe, moshi unakufuata kila unapokaa, unagonga ganda, na yale mafuta ya ganda yanakula ngozi. Msimu ukiisha vidole ni vyeusi, kucha nyeusi, ngozi ngumu kama soli. Ukivibana na mashine, inasoma themanini, inasoma sitini, wakati mtu wa afya ni tisini na kitu, inaonyesha vistari, inalia. Mwanzoni manesi walihangaika. Wakagundua mgonjwa ni mzima, anakula ugali, tatizo ni kidole. Wakaanza kusema, "Ah, vidole vya korosho." Na ilikuwa kweli.

Sasa angalieni kitu hiki, maana kinanishangaza mpaka leo. Neno la kweli lilivyogeuka. Mwaka wa kwanza "vidole vya korosho" lilikuwa na maana jaribu kidole cha mguu, au bonyeza kifua kati kwa kidole chako uone damu inarudi kwa sekunde ngapi, zikizidi tatu ni hatari. Mwaka wa pili likawa na maana jaribu baadaye. Mwaka wa nne lilikuwa na maana endelea na kazi. Mashine inalia, mtu anasema vidole vya korosho, anazima kengele. Hakuna aliyekaa kikao akaamua. Lilichakaa lenyewe, kama ufagio.

Na pumzi? Mashine yetu ya kuhesabu pumzi ilikuwa moja, na waya wake uliliwa na panya. Ikabaki kalamu. Na kalamu iliandika ishirini. Nendeni mkafungue mafaili: ishirini, ishirini, kumi na nane kwa ajili ya kubadilisha ladha, ishirini.

Moja ya hizo ni yangu. Sikutaka kuandika hapa, lakini nikiacha nitakuwa nawadanganya. Alikuwepo mzee wa Nanganga, alijikata mguu na jembe akiandaa shamba la ufuta, kidonda kikaoza. Hakuwa mkali, hakulalamika, kila nikimgeuza ananiambia "ahsante mjukuu". Mchana mmoja nesi wa zamu alikuwa peke yake, kitanda cha pili kinatoka damu, akaniambia, "Nijazie chati ya yule mzee, jaza tu." Mimi niliyefundishwa na Bi Skola. Niliyekuwa na tasbihi nyumbani. Nikaandika 20. Sikumtazama hata tumbo. Alifariki kesho yake alasiri.

Sisemi ishirini yangu ilimuua. Nasema sijui. Labda alikuwa anahema ishirini kweli. Labda alikuwa thelathini na daktari angeitwa mapema. Nilichofanya ni kuziba dirisha ambalo tungechungulia, na sasa hakuna mtu duniani atakayejua, mimi nikiwa wa kwanza. Mkataba wangu ulipoisha nikiwa na mimba sikuomba mwingine. Watu wakasema ni tumbo. Niliwaacha waseme tumbo.

Sasa mama.

Mama aliungua vidole viwili akibangua korosho za kuuza rejareja. Si jambo geni, kila msimu anaungua. Akapaka majivu, akafunga kitambaa, akaendelea. Siku ya tano mkono ukavimba, ukawa wa moto, akapandishwa bodaboda mpaka Ruangwa mjini, huko wakamwandikia rufaa. Akapelekwa kule kule nilikostaafu. Wakamwingiza chumba cha upasuaji, wakatoa usaha, wakamlaza wodi ya mahututi aangaliwe. Nikasema alhamdulillahi, hapo ni nyumbani.

Siku ya kwanza aliniuliza kama nimemnyonyesha mtoto. Siku ya pili, asubuhi hiyo ninayowaambia, nikamkuta anahema mbio na ananitazama kama mgeni. Amosi alikuwa amemwuliza, "Mama, uko wapi hapa?" Mama akamjibu kwa Kimwera. Amosi akaandika kwenye faili, nililisoma kwa macho yangu: mgonjwa haelewi Kiswahili vizuri.

Mama yangu! Katibu wa kikundi cha akina mama Mbekenyera, anayeandika muhtasari wa kikao kwa Kiswahili cha kumtoa jasho diwani! Lakini nisiwe mwongo, Amosi hakumjua. Anaona kikongwe wa shamba, wengi wao Kiswahili chao ni cha sokoni, akafikiri ni wale. Kumbe mama alikuwa hajibu swali kabisa. Alikuwa anaita mbuzi. Anawaita kwa majina yao, mbuzi waliouzwa nikiwa darasa la tano. Hiyo siyo lugha, ni ubongo unavunjiwa vyombo. Na mashine ya kidole ilikuwa inalia, na iliposomwa iliambiwa nini? Mnajua iliambiwa nini.

Basi tumerudi kwenye chati mkononi mwangu.

"Moja," nikasema, nikasogeza punje. "Sema na wewe."

"Dada..."

"Mbili. Tatu. Saa iko ukutani, angalia wewe."

Akaanza kuhesabu. Mwanzoni kwa sauti ya kunikebehi, kama mwalimu wa chekechea. Kumi. Kumi na tano. Alipofika ishirini saa ilikuwa imepita nusu dakika tu na kidogo, na kebehi ikatoka kwenye sauti yake. Ishirini na tano. Thelathini. Punje zikaisha kwenye thelathini na tatu, nikaanza mzunguko mwingine. Thelathini na nne, tano, sita. Dakika.

Nikapiga kelele, kama nilivyofundishwa.

Na hapa ndipo nilipopata hasira ya pili, kubwa kuliko ya kwanza. Yule kijana alikuwa anajua kila kitu! Kabla daktari hajafika ameshahamisha kibano kwenye kidole cha mguu, amebonyeza kifua, amesema "sekunde tano". Ameshachoma sindano ya dripu mkono wa kushoto, mara moja tu, hakukosea. Akachukua damu ya kuotesha ili wajue ni kijidudu gani, akaichukua kabla ya dawa, maana ukitanguliza dawa vijidudu vinajificha. Chupa ilikuwa moja badala ya mbili, akasema moja inatosha hatusubiri. Akaweka mpira wa mkojo, akaandika saa. Dawa iliingia mshipani kabla saa moja haijaisha. Nilisimama pale na maziwa yangu kifuani nikamtazama kama mtu anayetazama fundi, nikajiuliza: sasa wewe, ulikuwa wapi saa moja iliyopita?

Nilimuuliza. Siyo pale, kesho yake, mama alipokuwa ametulia. Nilimkuta bombani anaosha mikono, nikasimama pembeni. Akadhani nimekuja kugombana.

"Sijaja kugombana. Nataka kujua. Ulisoma haya yote?"

"Nilisoma. Nikuimbie? Pumzi ishirini na mbili kwenda juu, akili kubadilika, presha kushuka. Nilipata A."

"Sasa kwa nini hukuhesabu?"

Akafunga bomba. Akafikiri kweli, sikuona akitafuta uongo.

"Dada, mimi nilipofika hapa nilikuta chati zote ishirini. Wiki ya kwanza nikahesabu, nikaandika thelathini na mbili. Mwenzangu akaniuliza, umefanya nini kuhusu hiyo thelathini na mbili? Daktari alikuwa upasuaji. Dawa ilikuwa imeisha, ndugu wametumwa duka la dawa. Mimi niko peke yangu na wanne. Nikaandika thelathini na mbili halafu nikakaa nayo. Asubuhi wakaniuliza mimi kwa nini sikufanya kitu. Aliyeandika ishirini hakuulizwa."

"Kwa hiyo ishirini..."

"Ishirini haina maswali."

"Na mama yangu?"

"Mama yako sikumtazama." Akasema hivyo hivyo, bila kuzunguka. "Nilitazama kidole cheusi, nikatazama saa ya ukutani. Nisamehe."

Sikumsamehe hapo hapo, msidhani. Lakini nilielewa, na kuelewa kuliniuma zaidi, maana jibu lake nilikuwa nalijua. Ni lile lile langu la mzee wa Nanganga.

Mama walimrudisha upasuaji, wakakata vidole viwili, shahada na cha kati. Siku tatu baadaye akafungua macho, akaniuliza kama nimemnyonyesha mtoto. Nikalia vibaya. Akauangalia mkono wake uliofungwa, halafu akamgeukia Amosi, kwa Kiswahili chake cha muhtasari: "Kijana, nimesikia vidole vyangu vya korosho vinakusumbua. Viwili nimekupunguzia." Amosi hakujua acheke au akimbie. Mama akasema, "Cheka, baba, mimi ndiye mwenye mkono."

Lakini habangui tena. Na kalamu anaishika kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa darasa la kwanza, na ukatibu ameurudisha kwa wenzake. Hilo halinichekeshi.

Nikasema nitalalamika. Wifi yangu akasema peleka kwenye sanduku la maoni. Nikaenda. Sanduku lipo, limepakwa rangi, limefungwa kufuli, na ufunguo, mlinzi akaniambia, alikuwa nao bwana mmoja aliyehamishwa. Buibui alikuwa ametoa maoni yake kwenye tundu. Basi nikanunua karatasi za mistari, nikaandika kwa mkono, nakala mbili, nikaingia ofisini mtoto akiwa mgongoni. Dada wa mapokezi akafungua daftari la barua zinazoingia.

"Unamlalamikia nani?"

"Soma."

"Lazima nijaze jina la mlalamikiwa, dada."

"Yapo mawili. Soma."

Akasoma. Akaninyanyulia macho, akasoma tena, kisha akachukua muhuri wa kupokelea akagonga nakala zote mbili. Nakala yangu ninayo. Ndiyo hii.

Kwa Mganga Mfawidhi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU PUMZI ZA WAGONJWA KUANDIKWA BILA KUHESABIWA, WODI YA MAHUTUTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama yangu mzazi alilazwa kwako kitanda cha tatu na kidonda cha mkono. Asubuhi ya siku ya pili chati yake iliandikwa pumzi 20. Nilizihesabu pamoja na nesi wa zamu kwa dakika nzima zikawa 36. Alikuwa amechanganyikiwa, ikaandikwa kwamba hajui Kiswahili. Mashine ilikuwa inalia, ikazimwa kwa sababu vidole vyake ni vyeusi kwa korosho. Amepona lakini amepoteza vidole viwili. Sijui kama vingepona angehesabiwa mapema. Hakuna anayejua, na hilo ndilo lalamiko langu.

Mlalamikiwa wa kwanza ni Nesi Amosi. Mlalamikiwa wa pili ni mimi. Nikiwa mhudumu kwako niliandika pumzi 20 kwenye chati ya mzee wa Nanganga aliyelazwa na kidonda cha mguu, bila kumhesabu. Alifariki kesho yake. Tafuteni faili lake, mwandiko ni huu huu. Kama ndugu zake wataitwa, niiteni na mimi.

Ninaomba haya. Pumzi zihesabiwe dakika nzima na aliyehesabu aandike jina lake pembeni ya namba. Mwenye vidole vya korosho apimwe kidole cha mguu, na maneno hayo yasiandikwe tena mahali pa namba. Akijibu kwa lugha ya kwao, aitwe ndugu asikilize anasema nini. Anayeandika namba mbaya asiachwe peke yake nayo, na asubuhi aulizwe pia yule aliyeandika nzuri.

Ninaomba pia Nesi Amosi asifukuzwe. Mkimfukuza, atakayekuja atakuta chati zimejaa ishirini, naye ataandika ishirini.

Mimi, mtoto wa kitanda cha tatu, na mwandishi wa ishirini ya mzee wa Nanganga.